Uzi maalumu: Presha ya kurithi inakaa wapi? Tuangalie kuta za mishipa yenyewe

#1 Mtoto wa Kliniki

Wakuu, habari za majukumu.

Kila tukigusa presha humu ndani uzi unaishia kwenye chumvi na kitambi. Sikatai, vyote vina mchango. Ila kuna swali naulizwa sana kazini na naona halipewi jibu la kueleweka: "Baba aliondoka na kiharusi, mama anatumia dawa, shangazi wawili wana presha. Mimi nina miaka 28, sinywi, sivuti, sina kitambi. Mbona nasoma 148 kwa 96?"

Ninavyoona mimi, kitu kikubwa alichorithi kijana huyu ni tabia ya mishipa yake ya damu. Nieleze, halafu mnikosoe.

Tumezoeshwa kuufikiria mshipa kama bomba la maji. Bomba halijui kinachopita ndani yake, mshipa unajua. Ateri ndogo ina tabaka la misuli laini inayoweza kubana na kulegea, na upande wa ndani kabisa imetandikwa utando wa unene wa seli moja tu, endothelia. Utando huo unahisi mwendo wa damu. Damu ikipita kwa kasi, seli zake zinatoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, gesi inapenya kwenye misuli, misuli inalegea, njia inapanuka. Seli hizohizo zinatengeneza pia endothelini, ambayo kazi yake ni kubana. Mchana na usiku hizo mbili zinavutana.

Na kubana kidogo kunatosha kuleta balaa. Ukinzani wa mshipa unakwenda kwa kipeo cha nne cha nusu kipenyo chake. Punguza upana kwa asilimia 10 tu, ukinzani unapanda kwa zaidi ya asilimia 50. Punguza upana nusu, ukinzani unakuwa mara 16. Ndiyo maana hitilafu ndogo sana katika ukuta inaonekana kwenye mashine ya presha.

Jambo hili halikujulikana zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko New York, Robert Furchgott alikuwa anafanya majaribio na vipande vya aota (ateri kubwa kuliko zote) ya sungura; matokeo yakachapishwa mwaka 1980. Akiweka asetilikolini, kemikali inayojulikana kulegeza mishipa, vipande vingine vililegea, vingine vikagoma kabisa. Kumbe vilivyogoma vilikuwa vimesuguliwa wakati wa kuandaliwa, utando wa ndani ukatoka. Bila utando, hakuna kulegea. Ilichukua miaka kadhaa kubaini kwamba mjumbe anayetoka kwenye utando ni naitriki oksaidi, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa urithi unaingia wapi? Kimeng'enya kinachotengeneza gesi hiyo ndani ya mishipa kinatokana na jeni ya NOS3, iliyoko kwenye kromosomu ya 7. Kipokezi cha gesi ndani ya misuli kina jeni zake. Endothelini ina yake. Angiotensini, homoni nyingine inayobana mishipa, inaanzia kwenye jeni ya AGT. Kila mmoja wetu ana matoleo yake ya jeni hizi, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka Pisa, Italia, mwaka 1996. Walichukuliwa vijana ambao presha yao ilikuwa NZURI kabisa. Kundi moja wazazi wao walikuwa na presha, kundi lingine wazazi hawakuwa nayo. Wakapewa asetilikolini kwenye ateri ya mkono, damu inayopita ikapimwa. Watoto wa wenye presha mishipa yao ilipanuka kidogo kuliko ya wenzao. Walipopewa dawa inayolegeza misuli moja kwa moja bila kupitia utando, makundi yote mawili yakawa sawa. Maana yake misuli ilikuwa mizima, shida ilikuwa kwenye utando, na ilikuwepo kabla presha yenyewe haijapanda.

Karibuni.

#2 Nyangumi wa Pangani

Nimeshakaa siti ya mbele. Shusha nondo mkuu.

#3 Mpenda Chapati

Mleta mada asante. Kwa hiyo ipo jeni ya presha? Mtu anapimwa, anaambiwa unayo au huna?

#4 Mtoto wa Kliniki

@Mpenda Chapati, kwa watu walio wengi, hapana. Kwa wachache sana, ndiyo. Nianze na wachache kwa sababu hao ndio waliotufundisha.

Kaskazini mashariki mwa Uturuki, upande wa Bahari Nyeusi, kuna ukoo mmoja ulioandikwa na madaktari kwa mara ya kwanza mwaka 1973. Wana ukoo wenye presha wote walikuwa na vidole vifupi na kimo kifupi. Wenye vidole vya kawaida, presha yao ya kawaida. Hakuna aliyevuka mstari. Yaani bibi angeweza kuangalia mkono wa kichanga akajua. Presha yao ilikuwa inapanda na umri mpaka, wakifika miaka 50, wanawazidi ndugu zao wasio na tatizo kwa milimita 50 hivi za zebaki. Wasiotibiwa walikuwa wanakufa kwa kiharusi kabla ya kufika hapo au wakikaribia.

Kundi la Friedrich Luft na Sylvia Bähring huko Berlin likawafuatilia. Mwaka 1996 wakajua tatizo liko kwenye kromosomu ya 12. Jeni yenyewe wakaipata mwaka 2015: PDE3A. Hesabu miaka tangu 1973, utaona kazi hii si ya pupa.

PDE3A inafanya nini? Ndani ya misuli ya mshipa kuna molekuli inaitwa cAMP, inayoiambia misuli ilegee na isiongezeke. PDE3A ni kimeng'enya cha kuivunjavunja. Kwenye ukoo ule kimeng'enya kimebadilika kidogo sana kikawa kinachapa kazi kupita kiasi. cAMP inapungua, misuli inabana, na zaidi ya hapo seli za misuli zinazaliana, ukuta unanenepa, njia inakuwa nyembamba. Hitilafu hiyohiyo ikitokea kwenye gegedu za mtoto anayekua, vidole vinabaki vifupi.

Ajabu nyingine: mioyo ya watu hawa haikuharibika kama unavyotegemea kwa mtu aliyeishi na presha ile miaka yote. Watafiti walewale wameonyesha kwamba badiliko lilelile la jeni linaonekana kuulinda moyo.

Kwa sisi wengine, hadithi ni tofauti. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi wa watu zaidi ya milioni moja, ukaongeza maeneo mapya 535 ya kwenye jeni yanayohusiana na presha. Kila eneo linasukuma presha kidogo mno, kwa kawaida chini ya milimita moja. Unarithi mkusanyiko wa vitu vidogovidogo, huyu vichache, yule vingi. Tafiti za mapacha na familia zinasema urithi unabeba kati ya asilimia 30 na 50 ya tofauti za presha baina ya watu. Kwa hiyo kulipia kipimo cha jeni kwa presha ya kawaida ni kutupa hela. Historia ya familia yako ni bure, na daktari anaielewa.

#5 Nesi wa Zamu ya Usiku

Mkuu umeandika vizuri ila hapo kwenye mishipa umeegemea upande mmoja. Nilivyofundishwa mimi, na nadhani bado ni kweli, presha ni ya figo. Presha ikipanda, figo yenye afya inatoa chumvi na maji mpaka irudi chini. Ili presha ikae juu miaka na miaka lazima figo iwe imekubali kuiacha huko.

Na ukiangalia magonjwa ya jeni moja, karibu yote yapo kwenye figo au homoni zinazoiendesha. Daktari Liddle alieleza mwaka 1963 ugonjwa unaobeba jina lake: milango ya sodiamu kwenye figo haifungwi, mtu anabaki na chumvi, potasiamu inashuka, presha juu tangu ujana. Mpe amiloridi, dawa inayoziba milango hiyo, anapata nafuu. Ugonjwa wa Gordon nao, figo. Ile ya aldosteroni (homoni inayoiamuru figo ishikilie chumvi), ambayo jeni yake ilipatikana na kina Lifton mwaka 1992, mwisho wa siku ni figo. Huo ukoo wa Waturuki ni mmoja, usiujengee nyumba.

#6 Mtoto wa Kliniki

Dada Nesi, hoja yako nzito na siwezi kuikimbia. Kwa magonjwa ya jeni moja, figo inaongoza kwa mbali, kweli kabisa. Ndiyo maana nimeutaja ukoo ule: presha yao haitegemei chumvi. Ni mfano adimu wa jeni inayopandisha presha kwa kupitia ukuta wa mshipa.

Ila ukija kwenye presha ya kawaida, ile ya kina sisi, maeneo mengi yanayojitokeza kwenye tafiti kubwa yanahusu mishipa: kipokezi cha naitriki oksaidi kimo, NOS3 imo, homoni za moyo zinazolegeza mishipa zimo. Halafu na figo yenyewe inapata damu kupitia ateri. Ateri ya kuingia kwenye chujio ikibanwa, figo inadhani presha ya mwili mzima imeshuka na inaanza kushikilia chumvi. Sidhani kama kuna wa kuwatenganisha hawa wawili.

#7 Nesi wa Zamu ya Usiku

Hapo kwenye ateri ya kuingia nimekuelewa. Tuendelee, ila chumvi sijaisamehe.

#8 Simba wa Yuda

Wakuu mbona mnazunguka? Inajulikana kwamba sisi watu weusi tuna jeni za presha. Wazungu walishasema. Wamarekani weusi wanakufa na presha kuliko wazungu. Ni damu yetu, tukubali tu.

#9 Jamaa wa Kisii

Wadau, niruhusuni nijibu kutoka upande wa Kenya, kwa sababu hapo kwa @Simba wa Yuda tuko na ushahidi wetu wenyewe, na wengi hawaujui.

Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni, Donnison, aliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu hospitali ya Kavirondo Kusini, yaani pande zetu hizi za Kisii na Nyanza ya kusini. Katika miaka miwili walilazwa wagonjwa kama 1800, na hakuna hata mmoja aliyeonekana na presha. Hata mmoja. Akawapima watu wa kawaida pia. Vijana walikuwa sawa na Wazungu wa umri wao. Lakini Wazungu wakivuka miaka 40 presha yao hupanda, wazee wetu yao ilikuwa inateremka.

Sasa hivi Kenya ni kama mtu mzima mmoja kati ya wanne ako na presha. Kutoka 1929 mpaka leo ni vizazi vitatu, vinne hivi. Jeni hazibadiliki kwa kasi hiyo. Mababu zetu walikuwa na jeni hizihizi tulizo nazo, na mishipa yao ilikuwa imetulia.

Halafu kuna ule utafiti wa Waluo uliotoka kwa BMJ, jarida la madaktari la Uingereza, mwaka 1990, wa kina Poulter. Walifuatilia watu waliotoka ushago magharibi ya Kenya kuhamia Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Presha ya waliohama ilianza kupanda mapema sana baada ya kufika mjini. Kwa mkojo sodiamu ilikuwa juu na potasiamu chini, na mapigo ya moyo yao yalikuwa ya kasi kuliko ya waliobaki. Kabila moja, familia zilezile, mji tofauti.

Ukitaka za ng'ambo, kina Richard Cooper mwaka 1997 walipima watu wenye asili ya Afrika Magharibi sehemu mbalimbali kwa njia moja. Afrika Magharibi asilimia 16, Karibiani 26, Marekani 33. Kama ni weusi, mbona haifanani?

#10 Simba wa Yuda

1929 mashine zenyewe zilikuwepo? Na hao wazee si walikuwa wanakufa na malaria kabla presha haijawafikia?

#11 Jamaa wa Kisii

Zilikuwepo mkuu. Mashine ya zebaki ya Riva-Rocci ni ya 1896, na njia ya Korotkoff ya kusikiliza kwa kifaa cha sikio ni ya 1905. Na kwa hao wazee, ndiyo sababu nimekuambia Donnison aliwapima kwa umri. Waliofika uzeeni walikuwepo, na yao ilikuwa chini.

#12 Mtoto wa Kliniki

@Jamaa wa Kisii umenipunguzia kazi, asante kaka.

Niongeze tu kwamba hili halifuti urithi. Nairobi ileile, chumvi ileile, mmoja anapanda mpaka 180 na jirani yake anabaki 125. Hapo ndipo jeni zinapoongea. Utando wa ndani wa mshipa wa mmoja unavumilia chumvi, usingizi mbovu na sigara, wa mwingine unachoka mapema. Mwaka 2018, kwa kutumia taarifa za UK Biobank (hifadhi kubwa ya taarifa za afya na jeni ya Uingereza) za watu zaidi ya laki mbili na nusu, iliangaliwa kama maisha mazuri yanamsaidia mtu aliyerithi jeni mbaya. Yanamsaidia. Katika kila kundi la urithi, walioishi vizuri presha yao ilikuwa chini kuliko wenzao wa kundi hilohilo.

Na tujue kwamba sehemu kubwa ya tafiti za jeni zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, wakati Afrika ndiko kwenye tofauti nyingi za jeni kuliko bara lolote. Ndiyo maana kazi kama ile ya Uganda ya kusoma jeni za watu wa vijijini, na mradi wa H3Africa wa utafiti wa jeni barani Afrika, zina thamani. Mtu akikuuzia leo "kipimo cha hatari ya presha" kilichotengenezwa kwa jeni za Wazungu, muulize kilijaribiwa kwa nani.

#13 Bi Mkunga

Wanangu, mie sijui jeni. Mie nna presha mwaka wa sita huu. Nilipewa amlodipini, miguu ikavimba, nikaacha. Jirani akaniletea majani ya mlonge na juisi ya rozela. Nikipima naona imeshuka kidogo. Sasa kuna haja gani ya kidonge kama ni ya kurithi? Si nitakufa nayo tu?

#14 Nesi wa Zamu ya Usiku

Shikamoo mama.

Kurithi hakumaanishi dawa haifanyi kazi. Ni kinyume chake. Amlodipini inazuia kalisiamu isiingie kwenye misuli ya mshipa, na bila kalisiamu misuli haiwezi kubana. Yaani dawa inakwenda palepale mleta mada anapopazungumzia, bila kujali jeni gani imesababisha. Kuvimba miguu kunajulikana, kunategemea dozi, na daktari anaweza kupunguza au kukuongezea dawa nyingine juu yake. Mara nyingi uvimbe unapungua. Usiache kimyakimya mama. Presha haiumi, ndiyo ubaya wake.

Rozela kunywa, nayo kuna majaribio madogo yaliyoonyesha inashusha kidogo. Ila usiweke sukari nusu kilo. Na haichukui nafasi ya kidonge kwa mtu wa 170.

#15 Mtoto wa Kliniki

Shikamoo Bi Mkunga.

Kwenye dawa kuna utafiti wa kwetu kabisa, CREOLE, uliotoka mwaka 2019. Wagonjwa 728 wa Kenya, Uganda, Msumbiji, Kameruni, Nijeria na Afrika Kusini. Walilinganisha vidonge viwili viwili: amlodipini na dawa ya kukojoza, amlodipini na perindoprili (dawa nyingine ya presha), au perindoprili na dawa ya kukojoza. Makundi mawili yenye amlodipini yalifanya vizuri zaidi, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Kwa hiyo mama, hiyo uliyoiacha ndiyo yenye ushahidi mzuri kwa watu wa ukanda wetu. Rudi kliniki, waambie miguu ilivimba, wataipanga upya.

Na kwa akina dada wanaosoma: dawa za presha za familia ya enalaprili na ya losartani hazifai kabisa ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto. Sema mapema.

#16 Mpenda Chapati

Nimeelewa. Swali la mwisho, maana mdogo wangu anafanana sana na kijana wa kwenye #1. Ana 26, 150 kwa 100 mara tatu siku tofauti. Mzee wetu alipata kiharusi akiwa na 44. Aanzie wapi?

#17 Mtoto wa Kliniki

Kwanza uhakika wa kipimo. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, mkanda unaomtosha. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unaongeza namba za uongo. Apime mikono yote miwili.

Ikibaki hapo, kwa umri wake na historia ya baba, asipewe tu kidonge akaondoka. Aombe kipimo cha damu cha potasiamu na kreatinini (inayoonyesha figo inavyofanya kazi), na mkojo uangaliwe protini. Potasiamu ikiwa chini na hajatumia dawa ya kukojoza, daktari anatakiwa afikirie aldosteroni, na hata yale magonjwa ya jeni moja aliyoyataja Nesi. Amwambie pia daktari kama anatumia dawa za maumivu mara kwa mara, vinywaji vya kuongeza nguvu, au anakoroma sana usiku. Ateri za figo nazo ziangaliwe kwa ultrasaundi kama ipo, kwa sababu kwa kijana zinaweza kuwa zimeziba, na hiyo inatibika.

Na wewe mwenyewe umepima lini? Baba ni wenu wote.

#18 Mpenda Chapati

Duh. Sijawahi.

#19 Nesi wa Zamu ya Usiku

Nendeni wote wawili kesho asubuhi kabla ya chai. Majibu mkiyaleta hapa, futeni kwanza jina na namba ya faili.